Ombwe halivuti kitu

Wengi huamini kwamba soda hupanda kwenye mrija kwa sababu ombwe linaivuta. Sivyo. Ombwe ni utupu, na utupu hauna nguvu ya kuvuta chochote. Ukifyonza, unapunguza hewa mrijani. Hewa ya nje, inayoikandamiza soda iliyo kwenye glasi, ndiyo inayoisukuma juu.

Dhana kwamba ombwe huvuta ina asili ya kale: wafuasi wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, walishikilia kuwa maumbile hayakubali utupu. Lakini pampu za kufyonza ziligoma kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Mbona maumbile yachukie utupu mpaka mita 10 tu, kisha yanyamaze?

Mwaka 1644 mwanasayansi Torricelli wa Italia alieleza jaribio lake: mrija wa kioo uliojaa zebaki (metali ya majimaji), ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kwenye sentimita 76 hivi, juu yake pakabaki patupu. Hewa ya nje, iliyoikandamiza zebaki ya bakulini, ndiyo iliyoizuia isishuke zaidi. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Pascal, alipanda na mrija kama huo mlima Puy de Dôme, Ufaransa. Kileleni, penye hewa hafifu, zebaki ilikuwa chini zaidi kwa sentimita 8 hivi.

Tena pale patupu juu ya zebaki mrijani si patupu kabisa: pana mvuke kidogo wa zebaki, na mwanga unapita.