Akipotea mtu, msizikanyage nyayo zake

Kila sisi wafuata nyayo tunapopokea taarifa ya mtu aliyepotea, tunamuomba aliyepiga simu jambo moja kabla ya mengine yote: zuieni watu wasipite pale alipoonekana mara ya mwisho. Na karibu kila tunapofika tunakuta wamekwishapita. Vijana wameingia maweni na mapanga, kina mama wamezunguka makonde, watoto wa skuli wamewafuata nyuma. Wote wametoka kwa huruma, hilo hatulitilii shaka hata kidogo. Lakini ardhi iliyokuwa na nyayo za mtu mmoja sasa ina nyayo za kijiji kizima. Ndiyo sababu mwaka huu, katika ziara zetu za elimu kwenye shehia za Unguja na Pemba, tunaanza na nyayo.

Mzee mmoja wa kusini Unguja alitoka baada ya sala ya laasiri kwenda kutazama mbuzi wake, asirudi. Mjukuu wake, kijana wa skuli, aliuona unyayo wa babu yake kando ya kisima, akaufunika beseni na kukaa pale pale akiwaambia watu wapite upande wa pili. Tulipolifunua lile beseni tulipata karibu kila tulichokihitaji: kubadhi la mguu wa kulia, kisigino kimelika upande wa nje, na pembeni yake tundu dogo la mkongojo. Mbele kidogo udongo ukaisha, likabaki jiwe tupu. Juu ya jiwe mguu hauonekani. Tukaacha kutafuta mguu, tukatafuta mkongojo: tundu kwenye vifuko vya udongo baina ya mawe, na mikwaruzo myeupe pale ncha ya chuma ilipoteleza. Tulimkuta kabla ya isha, kifundo kimeteguka, anaongea vizuri.

Wengi hudhani unyayo ni lazima uwe mguu kamili wenye vidole vitano. Si hivyo. Jani lililogeuzwa likaonesha upande wake mkavu au mbichi, ukoga uliokwanguka juu ya jiwe, majani yaliyolalia upande mmoja, tope lililobanduka mguuni na kuangukia njia kavu, zote ni alama. Katika msitu kama Jozani au Ngezi, alama za namna hii ni nyingi kuliko nyayo kamili.

Anayefuata nyayo hana haja ya kukimbia. Tunatumia kijiti chenye mipira miwili ya kufungia: mmoja unaonesha urefu wa unyayo, mwingine urefu wa hatua, kutoka ncha ya kidole cha mguu wa nyuma hadi kisigino cha mguu wa mbele. Ukiupoteza unyayo, unaweka kijiti kwenye ule wa mwisho ulio na hakika nao, unakizungusha mbele yako taratibu, na unyayo unaofuata utakuwa karibu na ncha yake. Timu ni ya watu watatu: mmoja anasoma, wawili wako nyuma yake kulia na kushoto wakiangalia kama mtu amekata kona. Hakuna anayeruhusiwa kuutangulia unyayo wa mwisho, awe sheha, awe askari, awe baba wa mtoto. Hili tumeshalisema mara nyingi na bado tunalisema.

Mwanga una kazi yake. Jua la saa sita mchana linaufuta unyayo machoni kwa sababu hauna kivuli. Asubuhi na jioni jua liko chini, basi simama unyayo uwe baina yako na jua, utaona kingo zake. Usiku tochi haishikwi kichwani; inashushwa karibu na ardhi na kumulikwa kwa ubavu.

Pwani ni habari nyengine. Baina ya maji kupwa na kujaa ni kama saa sita, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kina hufika karibu mita nne. Nyayo za mama aliyekwenda kwenye mwani au pweza hazitakuwapo maji yakirudi. Kuna wanaoanza kwa kupiga ramli. Sibishani na itikadi ya mtu, ila maji hayamsubiri mganga. Vile vile hamtakiwi kusubiri saa 24 ndipo mtoe taarifa. Sijui neno hili lilitoka wapi, lakini limetugharimu.

Utaratibu ni huu. Mjulisheni sheha na polisi kwa namba 112 mara moja. Mtu mmoja abaki pale alipoonekana mara ya mwisho. Unyayo ulio wazi uzungushiwe mawe, na mvua ikitishia ufunikwe beseni au ndoo bila kuugusa. Upigwe picha kutoka juu moja kwa moja, sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni ili ukubwa ujulikane. Tuandalieni umri, nguo, maradhi na dawa anazotumia, saa aliyoondoka, na zaidi ya yote kiatu: kandambili, raba, kubadhi au miguu mitupu. Kama kipo kiatu chake kingine cha zamani, kileteni kama kilivyo, msikioshe. Namna kilivyolika ndivyo anavyokanyaga. Waliokwishapita eneo lile watuoneshe soli za viatu vyao, tuzitoe kwenye hesabu.

Kumpa mtumishi wa umma taarifa ambayo mtu anajua ni ya uongo ni kosa la jinai, na jalada lake huenda polisi na baadaye mahakamani. Halimhusu mzazi aliyepiga simu kwa hofu, kisha mtoto akakutwa amelala uvunguni. Mzazi huyo apige simu ya pili, basi.

Simu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtu akionekana, sheha ajulishwe papo hapo ili timu zote zirudishwe. Tumewahi kubaki maweni hadi alfajiri tukimtafuta mtu ambaye alikuwa nyumbani kwake, amekwishakula na kulala.