Kabla hujabonyeza Anza: ninavyopanga chumba cha Among Us

Among Us ni gemu la kundi: wengi ni kruu wanaofanya kazi ndogondogo chomboni, wachache ni maimposta wanaojificha kati yao na kuwaua, na maiti ikipatikana wote wanaketi kikao kupiga kura nani atupwe nje. Kundi likilichoka, lawama huangukia watu: fulani anacheka hovyo, fulani hajui kudanganya. Mimi kazi yangu ni kubuni magemu ya simu, na nikialikwa kwenye kundi la namna hiyo, cha kwanza naiendea mipangilio, ambayo mwenye chumba huibadilisha mkiwa chumba cha kusubiria. Mara nyingi nakuta hakuna aliyewahi kuigusa.

Gemu hili lilitoka 2018. InnerSloth, studio ndogo ya Marekani, walilitengeneza wakiwa watu wachache tu, na likalala mpaka 2020, korona ilipofungia watu majumbani. Lakini asili yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1986 Dimitry Davidoff alibuni Mafia pale Chuo Kikuu cha Moscow, mchezo wa mdomo mtupu: wachache wanajuana, wengi hawajui lolote, na kila mara wengi wanapiga kura kumtoa mmoja. InnerSloth walichoongeza ni ramani na miguu. Sasa mtu hawezi kuongea tu, lazima awe alikuwa mahali fulani, na huenda kuna aliyemwona. Mipangilio ndiyo inayoamua ushahidi huo uwe mwingi kiasi gani. Ukizidi, kikao kinageuka kusoma matokeo. Ukipungua, watu wanatupana nje kwa chuki za darasani.

Cha kwanza ninachozima ni kazi zinazoonekana. Kwenye ramani ya The Skeld, mtu akisimama kwenye mashine ya MedBay, chumba cha matibabu, anapimwa mwili, na mkiwa mmeacha kipengele hicho wazi, kila aliyepo anaiona mashine ikifanya kazi. Imposta hawezi kuigiza hilo. Basi mtu anapimwa mbele ya wenzake wawili, anatangazwa msafi, na tangu hapo hakuna anayemhoji. Kundi la marafiki linakuja kuhojiana, sasa mnabaki na nini?

Ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi zilizokamilika nao nauweka ujongee wakati wa vikao tu. Ukijongea muda wote, mjanja anasimama kando ya mwenzake, anamtazama anaondoka kwenye kazi ya hatua moja, anaangalia juu: mstari haujasogea, basi ni muongo. Ni mbinu nzuri, na mara ya kwanza inafurahisha kweli. Baada ya hapo watu wote wanatembea macho yakiwa kwenye mstari.

Ushahidi ninaouacha ni ule unaohitaji kuulizwa. Kuna kazi ambazo wote mnapewa kwa pamoja au wote mnakosa, kama kuswaipu kadi kwenye chumba cha Admin. Kwa hiyo mazungumzo yanakwenda hivi:

"Ulikuwa wapi wewe?"
"Admin, naswaipu kadi. Kadi yenyewe inagoma, unaijua."
"Jamani, nani mwingine ana kadi kwenye orodha yake?"

Kimya. Hapo imposta ameshajifunga mwenyewe, na hakuna mashine iliyomtaja. Kwa sababu hiyohiyo kura naziacha wazi, rangi ya kila mchezaji aliyepiga ionekane. Nani alikimbilia kumpigia mtu kura kabla hajajitetea? Nani alisubiri aone wengi wanaelekea wapi? Hizo ni habari za raundi ijayo.

Uwezo wa kuona nao usipuuzwe. Kruu nawapa 0.75 ya kiwango cha kawaida na imposta 1.5. Kruu akiona chumba kizima, kumuua mtu bila kuonekana kunabaki kwenye kona za Electrical, chumba cha umeme, peke yake, na watu wanaacha kwenda huko. (Electrical ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Ila mimi pia siingii peke yangu.) Muda wa kusubiri kati ya mauaji nauweka sekunde 30. Ukishuka sana, maiti zinafuatana kabla watu hawajakusanya cha kusema.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Maimposta wanashinda idadi yao ikilingana na ya kruu. Mkiwa 10 na maimposta 2, kura ya kruu anayebahatisha ina nafasi 2 kati ya 9, na kila asiye na hatia mnayemtupa nje mmewapunguzia kazi. Mkibaki wanne na imposta mmoja, kuruka kura kuna maana: akiua mmoja mnabaki watatu, na maiti ikionekana mnapata kikao kingine. Mkikosea mkiwa wanne, mnabaki watatu, na akiua mmoja tu imekwisha, labda mtu awahi kitufe cha dharura kinachoitisha kikao. Mkiwa watatu, pigeni kura. Hapo kuruka ni kumkabidhi ushindi.

Upande wa mtandao sina mengi. Wote chagueni kanda moja ya seva. Zilizopo ni Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia, na kwa tulio Afrika Mashariki mimi huanza na Ulaya. Gemu lenyewe halili bando sana, kinachokula ni simu ya kundi ya WhatsApp mnayopiga ili msikizane. Mwenye chumba awe yule ambaye laini yake haikatikikatiki na simu yake ina chaji.

Simu hiyo ya kundi ndiyo inayoharibu raundi nyingi kuliko mpangilio wowote. Maikrofoni zizimwe zote mpaka kikao kiitwe. Aliyekufa asiwashe tena hadi raundi iishe, hata kwa kuguna. Mguno wa "aah!" sekunde moja baada ya taa kuzimwa umeshawapa watu saa ya kifo, na kama mmoja alimwona marehemu akiingia MedBay na nani, kesi imekwisha kabla maiti haijapatikana. Mkikaa sebule moja ni vigumu zaidi, maana uso nao unasema. Kaeni migongo ikielekeana.

Kukiwa na wageni nabadilisha kitu kimoja: nawasha tangazo linalosema kama aliyetupwa nje alikuwa imposta au la. Wanahitaji kuona makosa yao papo hapo. Mgeni akishaweza kusema "nilikuwa na Bluu muda wote" bila kucheka, nalizima.