Jiwe Kushoto, Stenti Kulia: Modifaya 59 Inapostahili

Nchini Marekani, daktari wa njia ya mkojo akivunja jiwe la ureta (mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu) kwa leza kupitia kamera na kuacha stenti, yaani kijirija cha kuuweka wazi, upande uleule, kazi yote ina msimbo mmoja wa bili: 52356. Ukiongeza 52332, msimbo wa kuweka stenti, umedai kazi moja mara mbili. Hata kuchungulia kibofu (52000) hakudaiwi kando, kwani kamera haifiki kwenye ureta bila kupita kibofuni.

Jozi za misimbo zisizodaiwa pamoja zimo kwenye majedwali ya NCCI, mpango ulioanzishwa mwaka 1996 na wasimamizi wa Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee. Hutolewa upya kila robo mwaka, kwa hiyo jedwali la mwaka jana usilitegemee. Kila jozi ina tarakimu yake. Penye 0, hakuna modifaya (alama fupi inayoongezwa kwenye msimbo) itakayoitenganisha. Penye 1, inaweza kutenganishwa ikiwa mazingira yanaruhusu, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka: wanaisoma 1 kama ruhusa, wanabandika modifaya 59, inayosema kazi hizo mbili zilikuwa tofauti, dai linapita, kisha wakaguzi wanakuja kudai fedha zirudishwe.

Anayeweka 59 anatamka jambo kuhusu mwili wa mgonjwa. Tuseme jiwe lilivunjwa kushoto, na ureta ya kulia nayo ilikuwa imeziba ikawekewa stenti. Hapo 52356 inabeba LT (kushoto), na 52332 inabeba RT (kulia) pamoja na 59, au XS inayosema wazi kwamba ni kiungo kingine. XS na wenzake XE, XP na XU vilianza Januari 2015. Binafsi naipendelea XS pale bima inapoikubali, maana 59 haielezi sababu.

Ushahidi wote uko kwenye ripoti ya upasuaji. Ikiandika tu “stenti imewekwa” bila kutaja upande, mrudishie daktari swali, usikisie. Na mrija wa muda uliotolewa kabla ya upasuaji kwisha haudaiwi kwa 52332.

Kurudi chumba cha upasuaji siku nyingine ni habari tofauti. Kuvunja mawe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili (50590) kuna kipindi cha siku 90 chini ya Medicare, ambamo huduma za kufuatilia upasuaji zimo ndani ya malipo yake. Ndani ya kipindi hicho, hatua iliyopangwa tangu awali hubeba modifaya 58. Tatizo lililozuka likamrudisha mgonjwa mezani hubeba 78.

Mgonjwa naye ana haki ya kuomba bili yenye mchanganuo. Ukiona 52356 na 52332 za siku moja, uliza stenti iliwekwa upande gani.