Uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani Tanzania, 2025: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwenye kadi ya chama humpigia kura mwenyekiti wa taifa.
Kadi peke yake haitoshi. Wapiga kura ni wajumbe wa Mkutano Mkuu, na wengi wao wanaingia kwa nyadhifa zao za wilayani, mikoani na kwenye mabaraza ya vijana, wanawake na wazee. Kwa hiyo mgombea makini huanzia huko chini, kwa sababu chaguzi hizo hutangulia. Mabaraza yalichagua viongozi wao siku chache tu kabla. Katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, Januari 21, 2025, kura zote za mwenyekiti zilikuwa 999.

Dhana: Lissu alimwacha Mbowe mbali.
Kura 3 ziliharibika, zikabaki halali 996: Tundu Lissu 513, Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti, 482, Odero Charles Odero 1. Wajumbe 16 tu wa Lissu wangehamia kwa Mbowe, hesabu ingegeuka kuwa 498 kwa 497. Ile asilimia 51.5 inayonukuliwa ni ya kura halali. Ukigawa kwa 999 inashuka kidogo.

Dhana: Tume ya Uchaguzi ndiyo husimamia.
Hapana. Chama hujisimamia kwa katiba na kanuni zake. Msajili wa Vyama vya Siasa hufuatilia kama zimefuatwa.

Dhana: Kura zikishahesabiwa, kazi imekwisha.
Hapa ndipo wengi hupotea. Katibu Mkuu na manaibu wake hawapigiwi kura na Mkutano Mkuu: mwenyekiti hupendekeza majina, Baraza Kuu huyathibitisha. Lissu alipeleka majina Januari 22. Mei, Msajili, kufuatia malalamiko ya mwanachama mmoja, akasema akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa) ya kikao kile cha Baraza Kuu haikutimia, hivyo hatambui uteuzi huo. Chama kilipinga. Dawa ya mgogoro wa aina hii ni ya kikarani: mahudhurio yasainiwe mlangoni, idadi isomwe na kuandikwa kwenye muhtasari kabla ya ajenda ya kwanza. Makofi ya ukumbini si akidi.

Dhana: Mwenyekiti ndiye mgombea urais.
Mbowe aligombea mwaka 2005 akiwa mwenyekiti, lakini 2010 mgombea alikuwa Katibu Mkuu, Willibrod Slaa. 2015 Edward Lowassa, aliyehamia mwaka huohuo. 2020 Lissu, wakati huo makamu mwenyekiti. Kwa CCM, chama tawala, mambo huenda kinyume: urais kwanza, uenyekiti baadaye. Magufuli aliapishwa Novemba 2015, akakabidhiwa chama Julai 2016.