Jumla ya mvua haitoshi kueleza njaa

Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi na uhakika wa chakula mara nyingi huanza kwa kuulizwa mvua ya msimu imepungua kwa milimita ngapi. Kwangu mimi, ninayeshughulika na kilimo cha nafaka, swali hilo halijitoshelezi, kwa sababu jumla ya mvua inaweza kufikia wastani wa miaka yote na bado shamba likatoa mahindi yenye punje za kuhesabika.

Kinachoamua mavuno ni wakati. Mahindi hayastahimili kiu katika majuma mawili hivi yanayozunguka kuchanua kwake: mbelewele, yaani ua la dume lililo kileleni mwa mmea, hudondosha chavua, unga wa kurutubisha, ndevu za gunzi huipokea ili punje zifungike, na udongo ukikauka kipindi hicho ndevu huchelewa kutoka, zikachomoza chavua ikiwa imekwisha kupeperuka. Joto kali nalo huidhoofisha chavua yenyewe. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja ya joto inayozidi 30 za Selsiasi, ikidumu kwa siku moja, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikitosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame. Mkulima asiye na maji ya kumwagilia, ambaye ndiye mkulima wa kawaida kusini mwa Sahara, hana namna ya kuyaokoa mahindi yake siku hizo zikishafika.

Hata kilichovunwa hakijawa salama. Mahindi yaliyoteseka kwa ukame hushambuliwa kwa urahisi na fangasi wanaozalisha sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na mvua isiyo ya msimu ikiyakuta yangali yanaanikwa, hatari huongezeka. Familia huwa na magunia ghalani ilhali haina chakula kinachofaa kuliwa, na takwimu za uzalishaji, ambazo serikali nyingi huzitegemea mno, haziuoni upungufu huo. Isitoshe, ngano na mpunga vinavyokua katika hewa yenye kaboni dioksidi nyingi hupungukiwa protini, chuma na zinki.

Wanaonunua chakula nao hawako mbali na mashamba hayo. Mei 2022, baada ya joto kali kuiathiri ngano ya India, serikali ya nchi hiyo ilizuia uuzaji wake nje, wakati ambapo vita vya Ukraine vilikuwa vimekwisha kupandisha bei duniani.

Ndiyo maana nashikilia kwamba utabiri unaosema tu mvua itakuwa juu au chini ya wastani haumfai mkulima vya kutosha. Anahitaji kuelezwa mvua inatarajiwa kuanza lini na kama kuna uwezekano wa ukavu katikati ya msimu, na aelezwe kabla hajanunua mbegu, ili aweze kuchagua kati ya ile inayokomaa mapema na ile inayochelewa lakini huzaa zaidi, au agawe shamba na kuzipanda zote mbili.