Multivibrata si taa nyingi

Nimeisikia hii mara nyingi mno mwaka huu, kwamba multivibrata ni saketi yenye taa nyingi, kwa hiyo leo niseme.

Jumamosi pale Mwanjelwa, Mbeya, kijana anayeuza spea za redio alinishikisha pakiti mbili za saketi za kuunganisha mwenyewe, zile za taa za kuwaka na kuzima. Moja ina taa mbili za LED, nyingine ina 18 zilizopangwa umbo la moyo. "Shikamoo mzee. Hii ya mbili ni ya kawaida tu. Ukitaka multivibrata chukua ya moyo, si unaona taa zilivyo nyingi?" Wiki hiyohiyo mwanafunzi mmoja kule Iyunga alikuwa amenieleza jambo lilelile, na jirani yangu fundi ujenzi akadhani tunazungumzia vaibreta ya kushindilia zege. Huyo wa zege nilimsamehe.

Maana yenyewe ni fupi. Multivibrata ni saketi ya transista mbili, yaani swichi ndogo za umeme, zinazopokezana. Moja ikiwaka inamzima mwenzake kupitia kapasita, kifaa kinachotunza chaji ya umeme. Kapasita ikibadili chaji yake taratibu kupitia rezista, inayobana mkondo wa umeme, aliyezimwa anaamka na kumzima wa kwanza. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja, mchi huu ukishuka ule unapanda. Kwa kapasita za mikrofaradi 10 na rezista za kilo-omu 47, kila upande unakaa kama theluthi ya sekunde. Betri ya volti 9 inatosha. Ukitaka polepole, weka kapasita kubwa zaidi. Basi.

Sasa jina. "Vibra" inatoka kwenye Kilatini, kutikisika, na "multi" ni nyingi. Nyingi nini? Hapo ndipo watu wanapotea njia. Waliolitoa ni Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, walioibuni saketi hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuichapisha mwaka 1919. Transista hazikuwepo, LED ndiyo kabisa. Walitumia valvu za kioo, zilizofanya kazi hiyo kabla ya transista, na shida yao haikuwa mapambo. Walitaka kupima mawimbi ya redio. Waliona kwamba saketi yao haitoi wimbi laini kama la filimbi. Inaruka ghafla juu, inaanguka ghafla chini, na mruko wa aina hiyo unabeba ndani yake mawimbi mengine: yanayotikisika mara mbili ya lile la msingi kwa sekunde, mara tatu, mara tano, na kuendelea juu sana. Hayo huitwa hamoniki. Hizo ndizo "multi" zenyewe, mitikisiko mingi iliyojificha ndani ya mmoja.

Mafundi redio wa rika langu hawahitaji kuhadithiwa. Tulikuwa na kikalamu cha kutafutia ubovu, ndani yake transista mbili zikipokezana mara elfu moja hivi kwa sekunde. Unakigusisha kwenye hatua ya sauti, ile sehemu ya redio iliyo karibu na spika, spika inalia. Unarudi nyuma hadi hatua ya katikati, ya kilohezi 455, bado inalia. Unagusa upande wa antena, unazungusha MW (masafa ya kati) kutoka mwanzo hadi mwisho, mlio ni uleule kila unapopita. Hatua ya kwanza kunyamaza ndiyo mbovu. Kikalamu kilichotikisika kwa kilohezi moja tu kilisikika hadi kwenye mamia ya kilohezi kwa sababu ya hamoniki hizo. Nimefufua redio nyingi za wakulima wa Uyole kwa namna hiyo, zilizokuja zimefungwa kwenye khanga pamoja na betri zake zilizooza, na kikalamu changu hakikuwa na taa hata moja.

Kijana wa Mwanjelwa hakukosea hesabu. LED 18 ni 18, na moyo unapendeza ukutani, hasa jioni ukungu ukishuka. Tena ule una transista tatu zinazopeana zamu kwa mduara, kwa hiyo ni ndugu wa karibu, sikatai. Ila mwanangu, ile pakiti ya taa mbili uliyoiita ya kawaida ndiyo yenye jina. Siku ukipata nafasi, hamisha tu kikaratasi cha jina kutoka kwenye moyo ukibandike hapo.