Akiba ya elimu yenye nafuu ya kodi: maana yake kwa mzazi wa korosho

Shangazi yangu wa Ndanda alinipigia simu usiku. Kijana wetu aliyehamia Marekani alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia kwamba amemfungulia binti yake "five twenty-nine", na shangazi alitaka kujua ni kitu gani. "Mwanangu, ni benki au ni bima? Na sisi huku tunacho?" Nilimjibu juujuu, simu ilipokatika nikaona sikumtendea haki. Hili ndilo jibu lake kamili.

Akiba ya elimu yenye nafuu ya kodi ni fedha inayowekezwa kwa ajili ya masomo ya mtoto, kwenye akaunti ambayo sheria imeifunga kwa ahadi mbili. Serikali inaahidi kutoigusa faida itakayozaliwa humo. Mzazi naye anaahidi kuitumia fedha hiyo kwa masomo tu. Mzazi akivunja ahadi yake, ya serikali nayo inaanguka.

Watu wengi wakisikia "nafuu ya kodi" hudhani serikali inawarudishia fedha. Sivyo. Fedha unayoweka ni mtaji, na kile kinachoongezeka juu yake ni faida. Kwa kawaida kodi hukatwa kwenye faida. Hapa kwetu, ukiweka fedha benki kwa muda maalumu, riba yako hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla hujaiona. Mkato wa mwaka mmoja ni mdogo. Lakini ile shilingi iliyokatwa mwaka huu ingezaa nyingine mwakani, na hiyo nyingine ingezaa tena. Kinachopotea, basi, ni kodi pamoja na vizazi vyake vyote.

Tufanye hesabu ya mfano. Mzazi anaweka shilingi 500,000 kila msimu wa korosho, mara 15, mahali panapozaa asilimia 10 kwa mwaka. Bila kodi, siku anapoweka mara ya 15 anakuta takriban milioni 15 na laki 9. Faida ikikatwa asilimia 10 kila mwaka, anakuta takriban milioni 14 na laki 7. Tofauti ni milioni 1 na laki 2, wakati mfukoni mwake ametoa milioni 7 na nusu tu katika hali zote mbili. Utaona pia kwamba sehemu kubwa ya ongezeko imeletwa na miaka, na kodi imegusa sehemu yake tu. Anayeanza mtoto akiwa kidato cha tatu hana nafuu ya kodi ya maana popote duniani, kwa sababu hana faida ya kusamehewa.

Sasa turudi kwenye "529" ya kijana wetu. Jina hilo ni namba ya kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani. Mwaka 1986 jimbo la Michigan lilianzisha mpango wa wazazi kulipia chuo mapema, kwa bei ya siku hiyo, mtoto akiwa bado mdogo. Mamlaka ya kodi ya taifa ikataka kodi kwenye faida ya mfuko ule, kesi ikafika mahakama ya rufaa, na mwaka 1994 Michigan ikashinda. Mwaka 1996 bunge likaandika kifungu cha 529 ili majimbo yote yawe na msingi mmoja, na sheria ya mwaka 2001 ikafanya faida inayotolewa kwa masomo isikatwe kodi ya taifa kabisa.

Masharti yake yanafaa kuangaliwa kwa karibu. Mzazi anaweka fedha ambayo tayari imelipiwa kodi ya taifa, ingawa majimbo mengi humpunguzia kodi ya jimbo. Fedha inawekezwa kwenye hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), kwa hiyo inaweza pia kushuka. Ikilipia ada, vitabu au malazi ya chuo, haikatwi kitu. Ikitolewa kwa jambo jingine, sehemu ya faida inatozwa kodi ya mapato na juu yake adhabu ya asilimia 10. Mtoto asiposoma, mzazi anaweza kumhamishia ndugu yake. Kwangu mimi hicho kifungu cha ndugu ndicho chenye busara kuliko vyote, maana kinaijua familia.

Kanada imekwenda njia nyingine: serikali inaongeza asilimia 20 juu ya dola 2,500 za kwanza unazoweka kila mwaka, yaani dola 500, hadi jumla ya dola 7,200 kwa mtoto. Uingereza ina akaunti ya watoto isiyokatwa kodi ambayo mtoto mwenyewe huimiliki anapotimiza miaka 18, awe anasoma au hasomi.

Na sisi huku? Tanzania haina akaunti ya aina ya 529. Ila kuna vitu viwili vinavyoikaribia. Cha kwanza ni Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ulioanzishwa mwaka 2008. Mzazi ananunua vipande, yaani sehemu za mfuko huo, kwa jina la mtoto aliye chini ya miaka 18, na anachagua ama mfuko umsaidie kulipa ada ama fedha ikae ikue. Mgao wa mwenye vipande haukatwi kodi. Cha pili ni hatifungani za serikali za miaka mingi, ambazo riba yake haikatwi kodi ya zuio. Hatifungani haijui mtoto wala shule, kwa hiyo kufuli lake ni la mzazi mwenyewe. Vipande navyo hupanda na kushuka thamani. Atakayekuambia faida ni ya uhakika, mkimbie.

Wengi huku kwetu watauliza habari ya riba, na swali hilo ni la haki. Benki kadhaa zina huduma za Kiislamu ambako mteja hugawana faida na benki badala ya kupewa riba. Muulize mwenye elimu ya dini unayemwamini kabla ya kutia saini.

Mwingine atasema elimu ni bure. Kweli, katika shule za serikali, tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Lakini ada ni sehemu tu. Kuna sare, nauli, godoro la bweni, na kisha chuo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni msaada mkubwa, ila si kila mwombaji anaupata wa kutosha, na mwajiriwa anaulipa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi.

Kwa mkulima wa Masasi, Tandahimba au Nachingwea, kodi si adui wa kwanza wa akiba ya mtoto. Adui wa kwanza ni kalenda. Fedha ya mnada inaingia benki kati ya Oktoba na Januari, inakutana na madeni ya salfa (dawa ya mikorosho) na palizi, mabati, pikipiki, na shughuli za watoto. Kufika Agosti nyumba ni kavu, mtoto anadaiwa kitu shuleni, na mzazi anauza korosho zikiwa bado mtini, kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Nimeiona nyumbani kwetu. Gunia lililoondoka hivyo lingelipa mahitaji yale mara mbili kama lingesubiri kuuzwa mnadani kupitia ghala. Hakuna kodi ya zuio inayofikia hasara hiyo.

Ndiyo maana ile ahadi ya pili, ya fedha kutoguswa kwa jambo jingine, naithamini kuliko ya kwanza. Fedha yenye jina la mtoto ni ngumu kuiomba. Shemeji akija na shida ya pikipiki, unamwambia ni ya Asha, na wote mnaelewa.

Shangazi nilimweleza haya yote Jumapili, tukiwa barazani kwake. Akaniuliza jambo moja tu: je, lazima iwe kila mwezi? Nikamwambia hapana, unaweza kuweka mara moja kwa mwaka, hata mara mbili, korosho na ufuta. Akamwita mjukuu wake alete cheti cha kuzaliwa tukitazame kama jina limeandikwa sawasawa.